Mgonjwa wa Mtoto wa Jicho Aambiwe Ukweli Kuhusu Maumivu

Mgonjwa aliyepangiwa siku ya kutolewa mtoto wa jicho huwa na swali moja linalotangulia mengine yote, na mara nyingi huliuliza kwa sauti ya chini asije akaonekana mwoga: je, itauma? Jibu analopewa huwa fupi. Hapana, mzee wangu, hutasikia chochote. Hapana, mama, utachomwa ganzi na mambo yatakwisha mara moja. Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, na kwa wagonjwa wengi haliko mbali na ukweli, kwa sababu upasuaji huu ni miongoni mwa upasuaji unaovumilika vizuri zaidi kati ya wote anaofanyiwa mtu akiwa na fahamu zake. Lakini si kweli kwa wagonjwa wote, wala si kweli kwa kila hatua. Hoja yangu leo ni kwamba ahadi hiyo ya kutosikia chochote, pamoja na wema wake, inamdhuru mgonjwa mwenyewe, inamdhuru jirani yake ambaye bado anasitasita kijijini, na inamnyima daktari habari ambazo angezitumia kuboresha kazi yake. Mgonjwa aelezwe mapema atakachokisikia, akishuka mezani aulizwe alichokisikia, na jibu lake liandikwe kwenye faili kama inavyoandikwa presha yake.

Tuanze na jicho lenyewe. Konea, kile kioo cha mbele ambacho punje moja ya vumbi ikikigusa mtu hawezi kutulia, ni miongoni mwa sehemu za mwili zilizojaa mishipa ya fahamu kuliko nyingine zote. Lenzi, ambayo ndiyo iliyoingia ukungu na ndiyo inayotakiwa kutolewa, haina mshipa wa fahamu hata mmoja. Ingeguswa peke yake mwenyewe asingejua. Maumivu ya upasuaji huu basi hayatoki kwenye ugonjwa, yanatoka kwenye njia ya kuufikia: konea, utando mweupe wa jicho, irisi, yaani ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, na misuli midogo iliyojificha nyuma yake. Hadi mwaka 1884 njia hiyo ilipitwa bila ganzi ya maana. Wasaidizi walimshikilia mgonjwa huku kisu kikiingia jichoni. Klorofomu ilikuwapo tayari, lakini ilikuwa ikiwatapisha watu, na jicho lililopasuliwa bila kushonwa halivumilii mwenyewe anayetapika. Vilivyomo ndani vinaweza kusukumwa nje. Mwaka huo daktari kijana wa Vienna, Carl Koller, alionyesha kwamba matone ya kokeini yanalitia jicho ganzi, na taarifa yake ilisomwa Septemba mbele ya madaktari wa macho waliokutana Heidelberg. Aliisoma mtu mwingine, kwa kuwa Koller mwenyewe hakuwa na nauli ya kufika huko. Kokeini iliachwa baadaye, zikaja lidokeini na bupivakeini ambazo ndizo zinazotumika sasa. Naikumbusha historia hii kwa sababu inaonyesha kwamba ganzi haikuingia kwenye upasuaji wa macho kama huruma ya ziada. Iliingia kwa sababu jicho la mtu anayeumia halitulii, na jicho lisilotulia haliwezi kupasuliwa vizuri. Anayejali matokeo ya upasuaji hana budi kujali maumivu.

Sasa tutazame kinachotokea katika hospitali nyingi za umma za Afrika Mashariki, na katika kambi za macho zinazofuata watu wilayani. Njia inayotumika zaidi huko ni ile ya tundu dogo, ambapo daktari hutoboa kwa mkono mlango mwembamba katika sehemu nyeupe ya jicho, akaitoa lenzi iliyokomaa na kuweka lenzi bandia. Inafanya kazi nzuri sana, kwa gharama ndogo, na mara nyingi haichukui hata nusu saa. Kabla yake huja sindano. Ncha huingia kwenye kope la chini, upande wa nje, ikapita kandokando ya mfupa, na mililita kadhaa za dawa husukumwa pembeni mwa jicho. Mgonjwa husikia mchomo, kisha joto kali la muda mfupi kwa sababu dawa ina asidi, kisha jicho hujaa na kubana kana kwamba linatafuta pa kutokea. Hubonyezwa kwa dakika chache ili dawa isambae. Halafu uso wote hufunikwa shuka lenye tundu moja, na mtu ambaye huenda ana kikohozi, au mgongo unaomuuma akilala chali, huambiwa asitikisike. Uzi unaweza kupitishwa chini ya msuli wa juu wa jicho ili kulishikilia. Vimishipa vinavyovuja damu huchomwa kwa kifaa cha moto, na harufu yake humfikia. Maji hupita jichoni na kumwagikia sikioni. Kisha hufika wakati ambapo kiini cha lenzi, kigumu na kikubwa, kinasukumwa kutoka, na ganzi ikiwa haikushika sawasawa, hapo mtu husikia mvuto wa ndani ambao hakuonywa kabisa kuuhusu.

Katika miji mikubwa na hospitali za binafsi njia ya mashine inayovunja lenzi kwa mawimbi ya sauti imeenea, na wengi wanaofanyiwa kwa njia hiyo huwekewa matone tu bila sindano. Tundu lake ni la milimita mbili au tatu. Watu huidhani kuwa njia isiyouma kabisa kwa sababu haina sindano, lakini matone hutia ganzi sehemu ya juu, hayafiki vizuri kwenye irisi na misuli ya ndani, na kila daktari anapogusa huko au anapoiingiza lenzi mpya, mgonjwa anaweza kushtuka. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2007 yalilinganisha matone peke yake na ganzi inayosukumwa chini ya utando wa jicho kwa bomba butu, yakaona kwamba waliopata bomba walisikia maumivu machache kuliko waliowekewa matone. Mapitio mengine ya mtandao huohuo, ya mwaka 2020, yalionyesha kuwa kuongeza lidokeini kidogo ndani ya jicho juu ya matone hupunguza maumivu wakati wa upasuaji. Na aina mbili za sindano, ile ya kina nyuma ya jicho na ile ya pembeni, zilipolinganishwa, hapakuonekana tofauti ya maana katika maumivu. Hebu tuyapime matokeo haya kwa utulivu. Kama kweli wagonjwa wasingekuwa wanasikia chochote, pasingekuwa na cha kulinganisha. Wastani wa maumivu katika tafiti hizo kwa kawaida huwa mdogo, jambo la kushukuru, lakini wastani huficha watu. Mgonjwa mmoja aliyeumia sana akizungukwa na kumi ambao hawakusikia kitu hutoa wastani mzuri, na yeye hutoweka ndani ya hesabu.

Kuna ushahidi mwingine ambao, kwa maoni yangu, ndio unaogusa kiini cha jambo. Mtoto wa jicho mara nyingi hushika macho yote mawili, na macho hupasuliwa moja baada ya jingine. Tafiti kadhaa za nchi tofauti, Marekani ikiwamo, zimeona kwamba wagonjwa huripoti maumivu zaidi katika jicho la pili kuliko la kwanza, ingawa daktari ni yuleyule na dawa ni ileile. Sehemu ya sababu huenda imo mwilini: uchunguzi uliofanywa China ulikuta maji ya ndani ya jicho la pili yana kiwango cha juu zaidi cha kemikali moja inayochochea uvimbe, kana kwamba upasuaji wa kwanza uliliamsha. Lakini sehemu nyingine imo katika matarajio. Mara ya kwanza mtu anaingia na hofu kubwa, akiona mambo ni mepesi kuliko alivyodhani, anatoka akisema haikuuma. Mara ya pili anaingia akiwa na uhakika kwamba hakuna kitu, na kila mguso unamkuta hajajiandaa. Hapa ndipo ahadi ya uongo mwema inapodai malipo yake. Mgonjwa aliyeahidiwa kutosikia chochote, kisha akasikia, haumii jicho tu. Anaanza kujiuliza kama kuna kitu kimeharibika, kama daktari amekosea, kama jicho linapotea. Hofu hiyo hukaza misuli, hupandisha presha, humfanya asogee. Na presha ikipanda na kichwa kikisogea wakati jicho liko wazi, hatari inakuwa ya kweli.

Wapo watakaonipinga hapa, na upinzani wao una uzito. Watasema ukimweleza mgonjwa habari za maumivu utayaleta wewe mwenyewe. Wana ushahidi. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliokuwa wanachomwa ganzi ya mgongoni kabla ya kujifungua. Kundi moja liliambiwa kuwa litasikia kama limeumwa na nyuki mkubwa na kwamba hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi. Kundi la pili liliambiwa kuwa linapewa dawa ya kutia ganzi ili listarehe wakati wa shughuli itakayofuata. Kundi la kwanza lilisikia maumivu zaidi kwa sindano ileile. Kwa hiyo maneno yana nguvu, sikatai. Lakini tuangalie kundi la pili liliambiwa nini. Halikudanganywa kuwa hakuna sindano. Liliambiwa kinachofanyika na kwa nini. Tofauti iliyopo ni kati ya kutisha na kueleza, na kueleza kunawezekana bila kuahidi usichoweza kutimiza. Muuguzi anaweza kusema: utasikia mchomo mfupi chini ya jicho, kisha jicho litajaa kwa muda mfupi, hiyo ni dawa inaingia, baadaye utasikia mguso na maji ya baridi, ukisikia uchungu mkali, sema kwa mdomo bila kuinua mkono wala kugeuza kichwa, na daktari atasimama akuongezee dawa. Maelezo hayo hayamalizi hata dakika mbili. Hakuna tishio ndani yake, na sentensi ya mwisho ina kitu ambacho ahadi ya zamani haina, nacho ni ruhusa ya kusema.

Watu wa kambi za macho wana pingamizi la aina nyingine, nami nalichukulia kwa uzito kuliko la kwanza. Wanasema: mtoto wa jicho ndiye chanzo kikuu cha upofu duniani, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa anawasumbua watu wapatao milioni 94. Watu wanabaki gizani kwa sababu ya woga. Ukianza kutaja maumivu, hata wale wachache waliokubali watarudi nyumbani. Ni kweli kwamba woga unawazuia watu. Katika tathmini za haraka za upofu zinazofanywa vijijini katika nchi nyingi, watu wenye mtoto wa jicho ambao hawajapasuliwa huulizwa sababu, na woga ni mojawapo ya majibu yaliyoorodheshwa kwenye fomu, pamoja na gharama, umbali na kutoona haja. Lakini fomu ikishaandika woga, inaishia hapo. Woga wa nini? Wa kufa, wa kunyofolewa jicho, wa kisu, wa kulala chini ya shuka bila kupumua vizuri? Kila mmoja una dawa yake. Tena woga hautoki hewani. Unatoka kwa aliyetangulia. Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba uamuzi wa mzee kwenda kupasuliwa hauko mikononi mwake peke yake, unapita kwa watoto wake na mahusiano ya nyumbani. Katika nyumba kama hiyo, simulizi ya jirani aliyeumia huku ameahidiwa raha ina nguvu kuliko tangazo lolote la kipaza sauti. Jirani aliyeambiwa ukweli, akaona yaliyotokea ni yaleyale aliyoambiwa, husema hivyo. Huyo ndiye anayeweza kumshawishi mwenzake, kwa kuwa maneno yake hayatakanushwa na meza ya upasuaji.

Wengine hujibu kwamba wagonjwa wenyewe hawalalamiki, wanashukuru. Siku inayofuata bandeji ikitolewa mtu anamwona mjukuu wake, na nani atakumbuka sindano? Furaha hiyo ni ya haki na ni kubwa. Sitaki kuipunguza hata kidogo. Ila shukrani haipimi maumivu. Mzee aliyepata matibabu bure, mbele ya daktari aliyesafiri kumfuata, ataona aibu kusema uliniumiza. Wazee wetu wamelelewa kuamini kwamba kuvumilia ni heshima. Anayesikia Kisukuma au Kimaasai tu, akaulizwa kwa Kiswahili cha haraka huku foleni inamsukuma, atajibu ndiyo kwa swali lolote. Ndiyo maana swali hili halifai kuulizwa na aliyeshika kisu. Aulize muuguzi au mkalimani, kwa lugha ya nyumbani kwa mgonjwa, na aulize hatua kwa hatua: wakati wa sindano ulisikia nini, na baadaye je? Vyombo vyenyewe vya kupimia navyo vinahitaji kufikiriwa. Kipimo kinachotumika sana katika tafiti ni mstari uliochorwa kwenye karatasi, ambapo mtu huweka alama mahali maumivu yake yalipofikia. Kingine ni picha za nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia. Mpe karatasi hiyo mtu ambaye jicho moja limefungwa bandeji na la pili lina ukungu mzito, uone atakavyoipapasa. Kwa wagonjwa hawa maneno yanatosha: hapakuwa na maumivu, yalikuwa kidogo, ya wastani, makali.

Jambo hili linastahili kuwekwa kwenye hesabu za kitaifa pia. Mwaka 2021 Baraza la Afya Duniani liliweka lengo kwamba kufikia 2030 sehemu ya wanaohitaji upasuaji wa mtoto wa jicho ambao wanaupata kwa matokeo mazuri iongezeke kwa pointi 30 za asilimia. Lengo hilo lilikuwa hatua kubwa, kwa sababu zamani zilihesabiwa operesheni tu, hata zile zilizomwacha mtu haoni. Sasa ubora wa kuona umeingia kwenye hesabu. Maumivu hayamo, na kisichohesabiwa hakina msimamizi. Hospitali ikiandika jibu la kila mgonjwa, mwisho wa mwezi itaona kama maumivu makali yanajirudia kwa aina fulani ya ganzi, au mwisho wa siku ndefu ambapo wagonjwa wanapandishwa mezani kabla dawa haijashika. Hayo ni mambo ambayo daktari mwenyewe, ameinamia darubini, hawezi kuyaona.

Kuhusu muda na fedha, naweza kusema kwa kifupi, kwa kuwa yanayosaidia zaidi hayagharimu sana. Kupasha lidokeini joto lifikie la mwili hupunguza maumivu ya kuchomwa, tafiti zimethibitisha. Kupunguza asidi yake kwa bikaboneti kunasaidia vilevile, na kuisukuma polepole ni bure. Kusubiri dakika zinazotakiwa, kisha kujaribu kama jicho limeshika ganzi kabla ya kuanza, nako ni bure. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2001 uliwagawa wagonjwa wa mtoto wa jicho, wengine wakashikwa mkono wakati wote wa upasuaji na wengine la. Walioshikwa walikuwa na wasiwasi mdogo, na hata kemikali ya hofu katika damu ilikuwa chini. Watafiti wa Singapore nao wameandika mengi kuhusu wagonjwa wanaoona mwanga, rangi, na wakati mwingine vidole vya daktari, wakati wamedhani ganzi itawafanya wasione kitu. Baadhi yao waliogopa sana, na waliokuwa wameelezwa mapema waliogopa kidogo. Katika kambi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache, ndugu aliyemsindikiza mgonjwa hawezi kuingia thieta, lakini mfanyakazi wa afya wa kijiji aliyemleta anaweza kuvalishwa gauni na barakoa, akaketi upande wa miguu, akamshika mkono na kumsemesha kwa lugha yake. Kama nafasi haitoshi hata kwa huyo, maelezo yanaweza kutolewa kwa kundi zima asubuhi, wakiwa bado kwenye mabenchi wanawekewa matone.

Limebaki suala la siku zinazofuata, ambalo linanitia wasiwasi kuliko yote. Baada ya upasuaji jicho huwasha, huhisi kama lina mchanga, hutoa machozi. Hayo ni ya kawaida, hupungua kila siku, na parasetamoli huyatuliza. Lakini maumivu yanayoongezeka, jicho linalozidi kuwa jekundu na uwezo wa kuona unaorudi nyuma ni dalili za vijidudu kuingia ndani ya jicho. Maambukizi hayo hutokea mara chache, na yakitokea yanaweza kulipofusha kabisa jicho katika siku chache. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 ulikuta takriban robo tatu ya wagonjwa wa aina hiyo wana maumivu. Sasa mfikirie mtu aliyeahidiwa hatasikia kitu, akasikia, akaambiwa atulie avumilie. Amefundishwa kwamba uchungu wake si habari ya kumpelekea mtu. Usiku wa nne jicho likianza kumgonga, na hospitali iko mwendo wa nusu siku, na nauli inaombwa kwa mtoto aliyeko mjini, atavumilia tena hadi tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kwa hiyo kabla hajapanda gari la kurudi, yeye na aliyemsindikiza waambiwe wote wawili, kwa lugha yao, maumivu gani ni ya kutulizwa nyumbani na yapi ni ya kurudi nayo siku hiyohiyo, wapewe namba ya simu inayopokelewa, na wayarudie maneno hayo kwa midomo yao mbele ya muuguzi.